Mizunguko Miwili kwa Mkono

Nimestaafu ufundi nikiwa na miaka ishirini na saba. Chekeni tu. Mama yangu, nilipompigia simu Morogoro kumweleza, aliuliza mtu anastaafu vipi kabla hajaoa. Nikamwambia mgongo wangu umeshazeeka, umetangulia kustaafu, mimi naufuata. Hakuona kichekesho.

Ninyi wawili mliochukua sanduku langu la spana mliniomba kitu kidogo: niwaandikie hatua za kubadilisha mkanda wa taimingi nyumbani, ya kwanza hadi ya mwisho, ili msinipigie simu kila Jumamosi. Nimeziandika mara nne. Mara ya kwanza zilikuwa hatua ishirini na sita. Mara ya nne zilifika sabini na moja, na hatua ya tisa ilikuwa inaeleza namna ya kushika tochi. Nimezichana zote. Video za hatua mnazo kwenye simu zenu, na wanaozirekodi wana gereji zenye taa, hawapitiwi na shangazi anayeuliza kwa nini gari limevuliwa tairi. Nitawaandikia yale ambayo video hazina.

Nilianzia Houston, mtaa wa Sharpstown, mwaka 2017. Sikuwa fundi. Nilikuwa mwanafunzi mwenye gari kuukuu na tabia ya kurudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango. Mtu niliyelinunua kwake aliniambia, kwa uso mkavu, kwamba hajui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Sikulala vizuri tena. Mnajua kazi ya mkanda huo: ni mpira wenye meno unaounganisha magurudumu ya meno ya chini ya injini na ya juu, ili pistoni inapopanda, valvu ziwe zimeshaondoka njiani. Mkanda ukikatika, au ukikaa kwenye meno yasiyo yake, pistoni inapiga valvu, na gari linakuwa pambo la maegesho. Kila nilipowasha gari nilikuwa naona meno hayo yakipukutika moja moja.

Basi nikajifundisha. Nilitazama video hadi nikaota nafasi ya bolti. Nilichora injini kwenye daftari kwa rangi nne. Siku ya kwanza nilitandika shuka chini ya gari, nikapanga spana kwa ukubwa, nikavaa glavu mpya. Bolti ya puli ya chini, ile kubwa kuliko zote, haikutikisika. Siku ya pili haikutikisika. Nilivunja mpini mmoja wa spana ya boksi, nikakaa kwenye lami nikiwa karibu kulia, kwenye joto lile la Houston linalomkamua mtu kama dodoki.

Mzee aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, nje ya nyumba ya chini, alikuwa ananitazama siku zote mbili. Alikuwa Mkongo, Mzee Byamungu, fundi wa malori Bukavu kabla ya vita kumtoa. Hapa alikuwa anafunga mizigo ghalani. Aliinuka, akaja kusimama juu yangu.

"Unapigana naye ao unamufungua?" akauliza.

Akaenda akarudi na bomba refu la chuma, lilikuwa nguzo ya uzio, akalivisha kwenye mpini, akaegemea kidogo tu kama mtu anayeegemea kaunta. Bolti ikalia ikaachia. Nilichukia urahisi ule. Siku hiyohiyo nikaanza kumfuata kama kivuli, na baada ya mafuriko ya mwaka ule, magari ya watu yalipokunywa maji na mafundi wote wakawa hawashikiki, tukawa tunafanya kazi wawili, kila mwisho wa wiki.

Vyombo vyake vilinitia aibu mwanzoni. Kioo cha wanja cha binti yake, cha kuonea bolti zilizo nyuma ya injini. Kipande cha mbao cha kuwekwa kati ya jeki na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ili injini isitobolewe tumbo tunapoinyanyua kutoa egemeo lake. Chupa ya wino mweupe wa kusahihishia, ule wa maofisini, wa kutilia alama meno ya mkanda wa zamani kabla haujatoka. Kioo na wino vimo kwenye sanduku mlilochukua. Mbao mtatafuta yenu. Ile nimeiweka kwa sababu zangu.

Na sheria yake ilikuwa moja. Mkanda mpya ukishakaa na kikaza, kile kinachouvuta usilegee, kimeshaachiwa, chukua spana, uzungushe puli ya chini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kisha uangalie upya kama alama za magurudumu zinalingana.

"Macho yako itakudanganya," alisema. "Mukono haidanganyaka. Kama kuna kitu inagonga, mukono itakuambia mbele injini ikufe. Na ufunguo ikae mu mufuko yako, hata kama mwenye gari ni gavana."

Niliiandika kwenye daftari nikaizungushia mstari. Kumbukeni hilo, kwa sababu mtaniuliza baadaye nilikuwa wapi siku nilipofundishwa.

Mwaka 2018 nikahamia Euless, karibu na Dallas, kumalizia masomo, na sifa ikanitangulia. Hapo ndipo mateso halisi yalipoanza, na hayakuwa ya injini. Kwanza, nyumba za kupanga: haturuhusiwi kutengeneza magari kwenye maegesho, na karatasi za onyo nilibandikiwa hadi nikazijua kwa rangi. Pili, salamu. Kila anayepita lazima aseme pole na kazi, na kwetu salamu haijibiwi kwa kisogo. Unatoa kichwa kwenye boneti, unafuta mkono, unajibu asante, nimeshapoa, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazini. Ukirudi, umesahau kama bolti ya nne uliikaza au uliigusa tu. Unaanza kuzikagua zote upya. Anapita mwingine. Tatu, ushauri. Kuna mtu aliniona nimefungua kifuniko chote cha mbele, mkanda uko mkononi, akaniuliza kama nimejaribu kubadilisha betri. Alikuwa mhasibu. Nilimjibu kwa heshima, nikaikumbuka hasira hiyo kwa wiki nzima.

La maegesho lilitatuliwa na Mchungaji Lubala. Alikuwa ananisikia tu, hatujuani. Alikuwa na kanisa dogo la Wakongo, na siku za wiki alihudumia wazee majumbani mwao. Alipanga nyumba yenye uwanja wa saruji mbele, akaniambia niutumie bure, nilete gari lolote, mradi niache mahali pa yeye kupitisha gari lake. Alikuwa akiniita mwalimu. Mimi ni Mwislamu. Siku za Ijumaa alikuwa ananikumbusha saa. Deni la wema kama lile huwa halina risiti, na ndiyo maana ni baya kuliko mengine yote.

Sasa nifike kwa Mama Neema, mwaka 2019, ambako nimekuwa nikikwepa kufika tangu ukurasa wa kwanza.

Mama Neema alikuwa wa kanisa la mchungaji, mjane, mwenye watoto watatu, anapanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Gari lake lilikuwa linavuja maji. Nikakuta pampu ya maji imechoka, na pampu hiyo inakaa nyuma ya mkanda, kwa hiyo ukiifuata lazima uutoe mkanda, na mkanda wenyewe ulikuwa na nyufa kama kisigino. Nikamwambia siku mbili, Jumamosi na Jumapili.

"Shabani, miye nimebakiza pointi moja," akasema.

Alinieleza. Pale ghalani ukichelewa ni pointi, ukikosa ni pointi, zikifika idadi yao wanachukua kitambulisho chako mlangoni na huingii tena. Mabasi ya abiria hayaendi kule. Jumatatu alfajiri gari lazima liwake. Nikamwambia litawaka. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi hakupaswa kutamka neno hilo kwa sauti.

Jumamosi ilikwenda vizuri, na hilo lilinitisha. Bolti kubwa iliachia kwa bomba. Pampu ilikaa. Mkanda mpya niliuvisha, alama zikalingana. Jumapili asubuhi nikarudi kabla ya kufunga vifuniko, nikaangalia alama. Zilikuwa sawa. Nikaangalia tena. Mara tisa nikaziona sawa. Mara ya kumi nikaona gurudumu la juu kama limepungua nusu jino.

Sikilizeni hapa vizuri. Kabla hujachomoa pini inayozuia kikaza, mkanda una ulegevu, na alama ya juu huonekana imepotea kidogo. Huwa inarudi yenyewe kikaza kikivuta. Nilijua. Lilikuwa kwenye daftari langu, kwa rangi ya kijani. Lakini nusu jino lile lilinikaa jichoni kama mchanga, nikashindwa kuliacha. Nikauinua mkanda juu, nikausogeza jino moja, nikaridhika. Kule chini nisikoona, mkanda ukaruka. Nikachomoa pini. Mama Neema alikuwa ameniomba nipandishe vioo kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja, nikaunga betri, maana vioo vilikuwa vya umeme. Nikashika spana ili nizungushe mizunguko yangu miwili.

Hapo wakaja. Ibada ilikuwa imekwisha, na nusu ya kanisa ilikuwa inakuja kula kwa mchungaji, wamama na vitenge vyao vya Jumapili, sufuria za sombe, kisamvu chao, na ugali mikononi, wanaimba. Wakalizunguka gari. Nikatoa kichwa, nikafuta mkono, nikaanza kujibu salamu, mmoja mmoja.

Wana desturi. Kitu kipya, au kilichotoka kwa fundi, hakitumiki kabla hakijaombewa. Na gari huombewa kwa mchungaji kushika ufunguo, kusali, kisha kuliwasha mwenyewe huku watu wakiimba. Mchungaji Lubala akanyoosha kiganja.

"Mwalimu, tupatie funguo. Tumushukuru Mungu, kisha tukule."

Nitawaambia kilichopita kichwani mwangu, kwa sababu nimejiapiza kusema kweli. Niliwaza: nikikataa, wataona nimekataa sala yao. Uwanja ni wake, kivuli ni chake, na mimi ndiye Mwislamu pekee hapa. Kusema "subiri dakika tano, sijazungusha" kungetosha. Ni maneno manne. Badala yake nilimwomba asikae ndani kwa kuwa gari liko juu ya stendi, na huo ndio ushujaa wote niliokuwa nao siku hiyo. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka kiganjani mwake.

Alisali vizuri. Hata mimi aliniombea, mikono yangu, macho yangu. Akafungua mlango, akapitisha mkono akiwa amesimama, akazungusha ufunguo.

Mlio ulikuwa kama mtu amemwaga vijiko kwenye sinki. Injini ikafa. Wimbo ulikatika mahali pabaya, katikati ya neno.

Mchungaji alichomoa ufunguo, akautazama, akatazama mkono wake. Akamgeukia Mama Neema mbele ya watu wote. "Mama, ni mukono yangu. Mwalimu hakukuwa amemaliza, miye njo niliharakisha. Nitakupeleka kazi kila siku mpaka gari ipone."

Nami nilikuwa pale, spana mkononi. Niliinamisha kichwa kama mtu anayesamehe.

Walipoingia kula nilijidai nina kazi, nikarudi kwenye injini na kioo cha wanja. Chini, mkanda ulikuwa umekosea meno matatu. Nikautoa haraka, nikauviringisha, nikauficha kwenye mfuko wa takataka, ingawa hakuna mtu katika uwanja ule angeweza kuusoma. Kisha nikampigia Mzee Byamungu Houston, nikamsimulia habari za mchungaji na ufunguo. Nilisimulia vizuri. Hata sauti ya vijiko niliiweka.

Akauliza, "Mukanda ilikuwa mahali yake?"

Nikasema ndiyo.

"Ufunguo haipindaka valvu, mwanangu," akasema. "Mukanda njo inapindaka. Kama ilikuwa mahali yake, mutu yeyote angewasha, hata mbuzi. Wende umwambie yule mutumishi wa Mungu."

Akakata simu. Hakuwahi kunikatia kabla.

Nililifungua gari hadi kichwa cha injini. Valvu nne zilikuwa zimepinda. Ilinichukua wiki tatu, jioni baada ya masomo na mwisho wa wiki wote. Nani alilipa nini nayaacha, hayawahusu. Kinachowahusu ni kwamba kila alfajiri, saa kumi, Mchungaji Lubala alikuwa anatoka kumchukua Mama Neema, anamfikisha ghalani, anarudi, anakwenda kwa wazee wake. Pointi ile moja ilikaa salama kwa macho yake mekundu. Mara nyingi alinipita uwanjani akisema pole na kazi, nami nikajibu nimeshapoa.

Na kulikuwa na utani. Mnawajua watu wetu. Jikoni wamama walimwambia asiguse maikrowevu, itakufa. Kijana mmoja alinunua gari, akaombewa na shemasi. Mchungaji alicheka pamoja nao mara ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu mtu alimwita akaombee nyumba mpya, akasema aende mwingine, mkono wake bado mzito. Hilo nililisikia mimi mwenyewe, nikiwa chini ya gari, nimelala chali. Kwa wiki tatu nilikuwa nakagua valvu kwa karatasi ya kupimia unene, mara kumi na moja kila moja, natafuta kosa ambalo nilijua liko wapi.

Gari lilikamilika Jumapili. Nilivisha mkanda, nikachomoa pini, sikuligusa tena gurudumu la juu. Wakaja na sufuria, wakaimba kidogo, kwa tahadhari. Mchungaji alisimama mbali, karibu na ukuta, mikono nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyekatazwa. Mama Neema akanyoosha kiganja kuomba ufunguo.

Sikutoa. Nikasema kwamba mchungaji hakuua gari. Nikasema niliusogeza mkanda mwenyewe asubuhi ile kwa sababu sikuamini macho yangu ya mara tisa za kwanza, kwamba sikuzungusha kwa mkono, kwamba niliuficha mkanda. Nilisema haraka na kwa mpangilio, kama mtu anayesoma hatua.

Hakuna aliyesema pole. Mchungaji Lubala alikuja taratibu hadi mbele yangu. Nilitegemea kusamehewa, nikiri hilo pia. Nilikuwa nimeshaandaa uso.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nimeamuka saa kumi, nimefunga kula, nimelia mbele ya Mungu anisamehe. Kumbe nilikuwa naombea zambi ya mutu mwingine. Na huyo mutu yuko hapa kwangu, anakunywa chai yangu."

"Ndiyo, Mchungaji."

"Usiniambie ndiyo."

Mama Neema akaingia katikati, sufuria ingali kichwani. "Mutagombana kisha," akasema. "Miye nauliza kitu moja. Hii gari iko inawaka?"

Nikasema sijui. Nikasema bado haijazungushwa. Kisha, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa mtu yule, nikampa Mchungaji spana. Akavua koti la suti, akampa shemasi, akapiga magoti kwenye saruji kando ya tairi lililokuwa halipo, nikamwonyesha bolti. Akazungusha taratibu, akipumua kwa sauti, watu wote wameinama kutazama puli. Mzunguko mmoja. Wa pili. Hakuna kilichogonga. Nikamulika tochi, alama zikawa mahali pake, na niliziangalia mara moja tu.

Akainuka na grisi kwenye viganja vyote viwili. Akasali akiwa hivyohivyo, bila kunitaja safari hii. Akawasha. Likawaka kama halijawahi kuugua.

Hakuzungumza nami sawasawa hadi mwaka uliofuata, na nilistahili. Uwanja hakuninyima. Mwaka 2020, watu walipojifungia, nilifanya kazi miezi mingi pale peke yangu, bila salamu, bila ushauri, bila mhasibu. Ni kimya nilichokiomba miaka mitatu, na ndani yake nilikagua kila bolti mara kumi na tano. Siku moja mlango ukafunguliwa, Mchungaji akasimama kizingitini na barakoa yake, mbali, akasema, "Pole na kazi, mwalimu." Nikatoa kichwa, nikafuta mkono, nikajibu nimeshapoa. Nikarudi kwenye injini, nikafunga kifuniko bila kukagua tena.

Sasa nimepata kazi ya ofisini Plano, natengeneza majedwali ambayo hayana valvu. Uwanja nimewaombea, Mchungaji amekubali muutumie. Watakuja Jumapili, na sufuria, na wimbo, na kiganja kilichonyooshwa. Simameni, futeni mikono, waitikieni wote. Ufunguo uacheni mfukoni. Mpeni Mchungaji spana kwanza. Anajua pa kuiweka.